Shajara ya mradi: slaidi za michoro ya Kolo na rangi zilizopotoka

Jumatatu, Nzuguni, Dodoma

Kazi yenyewe ni hii: kikundi cha waongoza wageni wa Kondoa kinataka slaidi za kufundishia walimu wa historia na wanafunzi wa sekondari kuhusu michoro ya miambani ya Kolo na vijiji vya jirani. Maandishi yapo, wazee wameyapitia na kuyakubali. Zimebaki picha. Leo faili limefika kwa flashi, nimelifungua, na kwenye mojawapo ya slaidi za mwanzo nimemkuta pofu wa samawati amesimama juu ya jiwe jeusi tii.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amekaa pembeni yangu na kikombe cha chai. Akaisogelea skrini.

"Mwanangu, huyu mnyama ameoga wapi?"

"Ndiyo nataka kujua, mzee."

Kijana aliyezipanga slaidi naye akashangaa, maana kwenye kompyuta yake picha hiyo hiyo ilikuwa sawa. "Kwangu inaonekana vizuri kabisa, kaka. Si ubonyeze tu kile kitufe cha rangi, uvute mpaka ikae?"

Hapana, na niandike sababu mapema ili isisahaulike katikati ya kazi. Michoro ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko inayotazama Bonde la Ufa. Mwongoza wageni akisimama mbele ya mwamba huanza na rangi. Michoro myekundu, yenye watu wembamba warefu, pofu, twiga na tembo, ndiyo ya zamani, na inahusishwa na wawindaji. Michoro myeupe, minene, mingi imepakwa kwa vidole, ni ya baadaye, na inahusishwa na wakulima wenye lugha za Kibantu. Mahali pengi nyeupe imekaa juu ya nyekundu, na hapo ndipo mwanafunzi anaonyeshwa kipi kilitangulia. Sasa mpe picha ambamo nyekundu imekuwa bluu na nyeupe imekuwa nyeusi, halafu umwambie aeleze. Na ukiivuta kwa jicho "mpaka ikae", umemchorea mwamba mwingine ambao haupo Kolo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote nataka kujua rangi inaharibikia wapi. Pako patatu tu: ndani ya faili la picha, ndani ya programu ya slaidi, au njiani kati ya kompyuta na ukuta.

Hatua ya kwanza haina gharama. Faili la pptx kwa kweli ni zip. Nakili, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, lifungue, ingia ppt/media: picha zote zimo humo kama zilivyopachikwa. (Faili la LibreOffice la odp lina folda ya Pictures, mchezo ni ule ule.) Nimezifungua moja moja kwa kitazamio cha kawaida. Pofu ni wa samawati hata huko, basi slaidi haina hatia. Picha za sehemu ya pili, zile zilizokuwa na rangi ya chai ya rangi, huko ndani ni nzima kabisa. Kuna mtu alizipaka mtindo wa picha za kale ndani ya PowerPoint ili zipendeze. Nimebofya kuirudisha picha katika hali yake ya awali, zikarudi. Hilo limekwisha, silirudii tena.

Jumanne

Siku nzima ya pofu.

Nimemuuliza ImageMagick, programu ya kuchakata picha kwa amri za maandishi, kuhusu faili lake:

identify bango-pofu.jpg

Jibu limekuja na neno moja lililotosha: CMYK. Picha ya skrini huwa na namba tatu kwa kila pikseli, nyekundu, kijani na bluu, kwa sababu skrini inachanganya mwanga. Hii ina namba nne, sayani, majenta, njano na nyeusi, kwa sababu imeandaliwa kwa ajili ya wino. Imetoka kwenye bango lililochapwa mwaka jana, na faili lile si bovu hata kidogo. Liliandaliwa vizuri kwa ajili ya mashine ya kuchapia, kisha mtu akalichukua na kulipachika kwenye slaidi.

Kwa nini basi bluu? Hapa pana kisa cha zamani cha JPEG. Programu za Adobe huandika namba za CMYK zikiwa zimepinduliwa: mahali ambapo wino umejaa huwekwa sifuri, na mahali pasipo na wino huwekwa 255. Kwenye kichwa cha faili huachwa alama ya kumjulisha msomaji kwamba namba zimepinduliwa. Programu inayoiona alama hiyo huzipindua tena na mambo huwa sawa. Isiyoiona husoma karatasi tupu kama wino mzito, na unachopata ni negativu: rangi ya damu ya mzee inageuka samawati, jiwe jeupe la kijivu linageuka jeusi. Ndiyo maana kompyuta ya kijana na yangu zilibishana juu ya faili moja. Mtu yeyote akikwambia "kwangu iko sawa" kuhusu picha yenye rangi ya ajabu, uliza kwanza kama ni CMYK.

Nimempigia dada wa steshenari aliyetengeneza bango. Akasema picha ya awali, kabla haijageuzwa kuwa ya wino, bado anayo kwenye diski yake. Hiyo ndiyo njia bora na ningeichagua hata kama ingenigharimu nauli ya kwenda mjini na kurudi. Wino hauwezi kubeba baadhi ya rangi ambazo skrini inazionyesha, hivyo picha iliyokwishapita CMYK imepoteza kitu ambacho hakirudi kwa kugeuza upya.

Kwa zile chache ambazo za awali zimepotea, nimemuuliza programu yake ilikuwa imewekwa kwenye profaili gani ya uchapaji, yaani maelezo yanayosema kila namba ni rangi gani hasa. FOGRA39, akajibu bila kusita. Anajua kazi yake. Basi amri nimeiandika hivi, ya kuzigeuza ziwe sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini:

magick bango-twiga.jpg -profile FOGRA39L_coated.icc -profile sRGB.icc twiga.jpg

Profaili zote mbili zilikuja na kifurushi cha colord kwenye Linux yangu, sikuhitaji kupakua. Faili hili halikuwa na profaili ndani yake, kwa hiyo ile ya kwanza inamwambia ImageMagick namba hizi zina maana gani, ya pili inamwambia azigeuze ziwe za nini. Kuna njia fupi wanayopenda watu, -colorspace sRGB peke yake. Nimeijaribu pembeni ili nimwonyeshe kijana: inafanya hesabu ghafi bila kujua wino wala karatasi, na twiga wa Kolo anatoka na nyekundu ya kuwaka ambayo hakuna udongo wa namna hiyo Kondoa nzima.

Jumatano usiku

Umeme ulikatika mchana, nimefanya kazi jioni.

Kundi la pili la picha halina vituko. Limepooza tu. Nyekundu imefifia kuelekea hudhurungi, majani ya miti mbele ya pango yamekauka kabla ya kiangazi. Mwenyekiti ameziona kwenye simu yake akasema kamera imechoka. Kamera haijachoka, na dalili ilikuwa kwenye majina ya mafaili: yote yanaanza na mstari wa chini, _DSC na namba. Kamera nyingi hufanya hivyo zikiwa zimewekwa kwenye Adobe RGB, mpangilio mwingine wa rangi, badala ya sRGB. Exiftool, programu ya kusoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha, imethibitisha: sehemu ya rangi imeandikwa Uncalibrated, na chini yake alama R03.

sRGB ilibuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na mpaka leo programu isipoambiwa lolote hudhani picha ni ya sRGB. Adobe RGB ya mwaka 1998 inafika mbali zaidi, hasa upande wa kijani, hivyo namba zake zimetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Zisome kana kwamba ni za sRGB na kila rangi inasogea kuelekea kijivu. Kamera hii haikupachika profaili kamili ndani ya picha. Iliacha ile alama tu ya R03, na programu ya slaidi haihangaiki nayo.

Kijana ameniuliza kwenye simu tofauti ya mambo mawili anayoyaona kwenye menyu ya GIMP, programu ya kuhariri picha: kupachika profaili na kugeuza kwenda profaili. Nimemwambia afikirie noti. Kugeuza ni kwenda na shilingi kwenye duka la fedha ukatoka na dola: namba inabadilika, thamani inabaki. Kupachika ni kuchukua karatasi iliyoandikwa 5,000 na kufuta neno shilingi ukaandika dola: namba ni ile ile, thamani umeizua. Picha hizi zinahitaji yote mawili, na kwa mpangilio huu. Kwanza zipachikwe Adobe RGB, kwa sababu ndiyo ukweli wake, kisha zigeuzwe kwenda sRGB, kwa sababu ndiyo inayosomeka kila mahali:

magick _DSC0412.JPG -profile AdobeRGB1998.icc -profile sRGB.icc pofu-wawili.jpg

Udongo umerudi. Majani pia.

Picha za iPhone za mmoja wa waongozaji zimenipa kazi kidogo. Simu hizo tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 hupiga kwa Display P3, mpangilio mwingine wa rangi ulio mpana kuliko sRGB, lakini hupachika profaili yake vizuri, kwa hiyo kugeuza kwenda sRGB kulitosha. Zile alizonitumia kwa WhatsApp kama picha nimemwomba azitume upya kama hati, maana zikipita kama picha hupunguzwa na taarifa zake hukatwa, nami nabaki kubahatisha.

Na kabla sijalala: kuna mtu kwenye kikundi aliandika kwamba slaidi zote kwake zina unjano jioni. Nimemwambia apige picha ya skrini anitumie. Kwangu haina unjano. Ni mwanga wa usiku wa Windows unaowaka wenyewe jua likizama. Unagusa skrini, haugusi faili. Azime.

Alhamisi, ukumbini

Tumekwenda kujaribu kwenye ukumbi wa shule moja hapa Dodoma tulioazimwa. Mafaili sasa ni safi, nimeyahakiki yote. Tumewasha projekta, na kila kitu ukutani ni cha njano. Maandishi meupe ni ya njano. Anga ya Kolo ni ya kijivu cha majani makavu.

Kijana amenigeukia kwa jicho la "si nilisema?". Lakini hii ndiyo ile sehemu ya tatu, njiani. Nimefungua menyu ya projekta yenyewe kwa rimoti. Alama ya bluu kwenye menyu ni ya bluu kabisa, na menyu hiyo haipiti kwenye waya. Basi taa na lenzi havina tatizo.

Kisha slaidi ya majaribio, ambayo kuanzia leo itakaa mwanzoni mwa kila faili ninalotoa: miraba mitano, nyekundu, kijani, bluu, nyeupe na kijivu, bila picha wala urembo. Mraba wa bluu umeonekana mweusi. Mweupe umeonekana njano. Nyekundu na kijani ziko salama. Hesabu ya mwanga ni rahisi: nyeupe ukiitoa bluu unabaki na njano, ukiitoa nyekundu unapata samawati, ukiitoa kijani unapata rangi ya waridi iliyokolea. Kwa hiyo ukumbi unakosa bluu, na bluu inasafiri peke yake.

Waya ulikuwa wa VGA, ule wa plagi ya bluu yenye pini 15. Pini ya 1 hubeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Nimeuchomoa na kuutazama dirishani: pini ya 3 imelala, mtu aliwahi kuulazimisha ukiwa umegeuzwa. Mwalimu wa zamu, ambaye ametuvumilia sana, ametoa kibanio cha nyusi kwenye mkoba wake. Nimeisimamisha polepole, nimechomeka tena, na anga imerudi. Aliyesimama nyuma yangu akaonyesha tundu tupu katikati ya plagi akisema pini nyingine imekatika. Hiyo ni ya 9, na waya nyingi hutengenezwa bila hiyo. Iacheni.

Baada ya waya tumebaki na tatizo ambalo halina pini ya kunyoosha. Ukumbi una madirisha makubwa, hauna mapazia, na jua la Dodoma saa nane mchana mnalijua. Michoro mingine ya Kolo imefifia hata ukiwa umesimama mbele yake. Ukutani pale ilitoweka. Projekta yenyewe ilikuwa kwenye hali ya mwanga mkali kabisa, na projekta nyingi za aina ya DLP zina gurudumu la rangi lenye kipande cha nyeupe, ambacho huifanya nyeupe ing'ae kupita rangi nyingine. Ukiweka picha ya mwamba mwekundu kwenye slaidi yenye usuli mweupe, jicho linaizoea nyeupe na wekundu unaonekana mchafu. Tumehamisha hali ya projekta kwenda sRGB, mwanga umepungua lakini rangi zimekaa. Usuli wa slaidi zote nimeubadilisha kutoka nyeupe kuwa kijivu iliyokolea. Na tumekubaliana kipindi kiwe asubuhi, upande wa madirisha ya magharibi. Mapazia tumeomba, tumejibiwa kwa upole wa watu wasio na bajeti.

Ijumaa

Hii ndiyo iliyonifurahisha.

Kwenye folda ya mtafiti mgeni aliyewahi kupita Kolo kuna picha ambazo mwamba ni wa kijani na bluu, na juu yake watu wembamba wa rangi nyekundu inayowaka. Kijana alikwisha kuziweka kwenye orodha ya zilizoharibika. Nimezikagua: sRGB, namba tatu, profaili sahihi, slaidi sahihi. Hakuna kosa popote. Majina ya mafaili yanaishia na yre.

Hizo zimepitia DStretch, kiongezo cha programu ya ImageJ kilichotengenezwa na Jon Harman mahususi kwa wanaochunguza michoro ya miambani. Mbinu yake ilitokana na kazi ya kuchakata picha zinazopigwa kutoka angani. Inachukua tofauti ndogo za rangi zisizoonekana kwa macho na kuzitanua mpaka zionekane. YRE na LRE huvuta nyekundu, YBK huvuta nyeusi. Rangi zinazotoka ni za uongo kwa makusudi, na ndani ya uongo huo unaona mguu wa mnyama ambao jicho lilikwisha kuukosa.

Nimempelekea mzee mmoja wa kikundi, mwongozaji wa siku nyingi, picha mbili za mwamba mmoja.

"Shikamoo mzee. Naomba unitazamie hizi."

"Marahaba." Amevaa miwani, amekaa nazo muda mrefu. Akaweka kidole kwenye ile ya kijani. "Hapa pana watu watatu. Mimi siku zote nilikuwa nawaambia wageni wawili."

"Wa tatu kwenye picha ya kawaida haonekani."

"Haonekani. Lakini usiwaonyeshe watoto hii peke yake. Wakija Kolo watautafuta mwamba wa kijani."

Amemaliza mjadala kuliko mimi ningeweza. Uamuzi: kila picha ya DStretch inakaa kulia kwa picha yake ya kawaida, ukubwa ule ule, na chini yake maandishi: "Rangi zimetanuliwa kwa kompyuta ili michoro ionekane, mwamba wenyewe hauna rangi hizi." Ile ambayo picha yake ya kawaida haikupatikana nimeitoa, ingawa ni nzuri.

Kwenye folda hiyo hiyo kuna picha chache zilizopigwa zikiwa na kipimo cha IFRAO, shirikisho la kimataifa la mashirika ya michoro ya miambani, kile cha sentimita 10 chenye vipande vya rangi, kimewekwa karibu na mchoro. Mtu aliyezipiga Mungu ambariki. Kwa picha hizo sihitaji kubishana na mtu kuhusu wekundu wa kweli: naweka kidondoa rangi kwenye sehemu nyeupe ya kipimo, na namba tatu zinatakiwa zikaribiane. Moja imenipa nyekundu 226, kijani 214, bluu 193. Hapo mwanga uliruka kutoka kwenye udongo mwekundu wa mlangoni ukaingia pangoni. Nimeisawazisha kwa sehemu hiyo nyeupe, na nimeandika kwenye maelezo ya slaidi kwamba imesawazishwa na kwa kutumia nini. Zisizo na kipimo nimeziacha kama zilivyo, hata pale ninapohisi zina unjano. Kuhisi kwangu hakumo kwenye mwamba.

Jumamosi

Faili limekamilika kwa asilimia kubwa. Nimelihifadhi pptx, na nakala ya PDF kwa wale wenye kompyuta za zamani, nikalifungua tena ppt/media na kuendesha identify kwa folda nzima mara moja. Hakuna CMYK iliyobaki, kila picha ni sRGB yenye profaili ndani.

Yaliyobaki:

Dada wa steshenari ataleta picha za awali za bango Jumatatu. Zikifika, twiga na wenzake waliogeuzwa kwa FOGRA39 wanaondolewa.

Mwongozaji mwenye kamera amekubali kuiweka kwenye sRGB kwa ajili ya kazi ya slaidi, na amenunua kipimo. Nimemwonyesha mahali pa kukiweka: kwenye kivuli kile kile cha mchoro, kisiguse rangi ya mwamba.

Kondoa mjini tutatumia projekta nyingine ambayo sijaiona. Kijana anakwenda mbele yetu na slaidi ya miraba mitano, anapiga simu akishaiona ukutani. Na anabeba waya wetu, pamoja na kibanio cha nyusi ambacho mwalimu amekataa kukipokea tena.